Kabla hujanunua hausingi ya turbo, shika venia (rula ya taya)

Kibati cha namba kwenye turbo kinakueleza habari za hausingi ya hewa tu, yaani ganda linaloizunguka feni ya upande wa hewa, maana ndiko kilikofungwa. Hausingi ya ekzosi iliyo upande wa pili huenda ilitoka kwenye turbo nyingine kabisa, na katriji ya katikati, ile yenye shafti na feni zake, ikawa ya turbo ya tatu. Kwenye turbo zilizokwisha kufunguliwa mara mbili tatu hilo ni jambo la kawaida, na muuzaji mwenyewe anaweza asijue. Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya kibati na kusema "hii ni VF34, P18," amekupa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua turbo itashika, yaani itaanza kusukuma hewa, injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi na injini itakabwa kiasi gani huko juu, nayo imo ndani ya kile chuma kizito cha upande wa moshi.

Namba zilizosubiwa pamoja na chuma nazo zina mtego wake. Namba iliyoinuka juu ya chuma ni ya kalibu, yaani umbo lililotoka kiwandani kabla ya kukerezwa. Kalibu moja inaweza kukerezwa kwa feni za saizi mbili au tatu, ikatobolewa tundu la westigeti (mlango wa kupitishia moshi kando ya feni) au isitobolewe, na namba ikabaki ile ile. Namba iliyogongwa au kuchorwa baadaye kwenye sehemu laini iliyokerezwa ndiyo yenye uzito zaidi. A/R, kipimo cha tundu la hausingi nitakachokieleza hapa chini, huandikwa karibu na flanji (uso wa kufungia) ya kuingilia moshi, wakati mwingine bila sifuri ya mbele: .63, .82, 1.06. Ukiiona, iandike pembeni halafu endelea kupima, kwa sababu namba hiyo haijakuambia feni ni ipi.

A/R yenyewe ni rahisi kuielewa ukiishika hausingi mkononi. Hausingi ina umbo la konokono: tundu linaanza pana, linazunguka likipungua hadi linaishia kwenye ulimi mwembamba wa chuma. A ni eneo la tundu pale pana linapoanzia, sawasawa na ncha ya ulimi. R ni umbali kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya eneo hilo. Unagawanya A kwa R. Kwa hausingi za kampuni ya Garrett na jamii zake vipimo huwa kwa inchi, hivyo ukipima kwa milimita gawanya jibu kwa 25.4.

Kama namba imefutika, au huiamini, unaweza kuipata mwenyewe kwa udongo wa kuchezea watoto. Toa katriji, safisha masizi ndani ya konokono, paka oili kidogo ili udongo usigande. Sukuma donge la udongo kupitia flanji hadi lizibe tundu lote pale kwenye ulimi. Pitisha waya mwembamba kutoka upande wa feni, ukate udongo wima sawasawa na ncha ya ulimi, kisha vuta kipande kitoke bila kukiminya. Uso uliokatwa ulaze juu ya karatasi ya miraba ya milimita, chora ukingo wake, hesabu miraba. Umbo lile lile likate kwenye kadibodi na ulitafutie mahali linapokaa sawa juu ya ncha ya sindano: hapo ndipo katikati ya eneo, nukta ambayo R inaishia. Pima kutoka nukta hiyo hadi ukingo wa ndani wa umbo, kisha ongeza umbali wa kutoka ukingo huo hadi katikati ya tundu la feni.

Mfano: tundu linalokaribia duara la kipenyo cha milimita 41 lina eneo la takriban milimita za mraba 1,320. R ikiwa milimita 63, unapata 1,320 ÷ 63 = 20.95, na ukigawanya kwa 25.4 ni kama 0.82. Sasa angalia kosa linavyokua. Ukisoma kipenyo 39 badala ya 41, jibu linashuka hadi 0.75. Ukikosea R kwa milimita hizo hizo mbili, ukasoma 65, unapata 0.80, tofauti ndogo sana. Ndiyo maana kazi ya udongo inahitaji utulivu kuliko kazi ya rula. Hausingi za familia moja hutoka kwa hatua kubwa, kama 0.63, 0.82 na 1.06, kwa hiyo hata ukiwa na kosa dogo utajua uko kwenye ipi.

Kwa Wajapani mambo ni mengine. IHI huandika P na namba, Mitsubishi huandika sentimita za mraba, na Holset ya Uingereza vilevile huhesabu kwa sentimita za mraba. P18 ni saizi ya hausingi ya ekzosi kwa mtindo wa IHI wenyewe. Kwenye TD05HR-16G6-9.8T ya Mitsubishi kila kipande kina maana: TD05H ni ukubwa wa upande wa ekzosi, R ni kwamba inazunguka kinyume, 16G6 ni feni ya hewa, 9.8 ni eneo la tundu kwa sentimita za mraba, na T ni kwamba moshi unaingia kwa njia mbili zilizotenganishwa na ukuta. Usijaribu kugeuza 9.8 kuwa A/R kwa jedwali uliloliona mahali fulani. Bila kuijua R ya hausingi ile yenyewe, hesabu haina msingi. Pia makampuni hayapimi eneo mahali pamoja, hivyo sentimita 12 za mmoja hazilingani na sentimita 12 za mwingine. Linganisha hausingi ndani ya familia moja tu: 9.8 dhidi ya 10.5, P18 dhidi ya P20.

Onyo hilo hilo linahusu A/R. Hausingi ya 0.64 ya GT2860RS na ya 0.63 ya GT3582R, zote turbo za Garrett, zinaonekana kama ndugu kwa namba, lakini ya pili inapitisha moshi mwingi zaidi kwa mbali, kwa sababu feni yake ni kubwa zaidi. Anayesema "nataka 0.63" bila kutaja feni ni kama anayeomba kiatu namba fulani bila kusema ni cha mtu mzima au cha mtoto.

Kwa hiyo pima tundu la feni. Feni ya ekzosi ina vipenyo viwili: mkubwa mahali moshi unapoingilia, mdogo mahali unapotokea. Ya GT3076R ni milimita 60 na 55. Gawanya mraba wa kipenyo kidogo kwa mraba wa kikubwa, zidisha kwa 100: 3,025 ÷ 3,600 inatoa 84, na hiyo ndiyo trimu. Ya GT3582R ni milimita 68 na 62.3, nayo trimu yake ni 84. Trimu ni ile ile, feni ni mbili tofauti kabisa.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Hausingi ya GT35 (familia ya GT3582R) yenye tundu la kutokea la kama milimita 63 inaweza kukaa kwenye katriji ya GT30 (familia ya GT3076R) ukalazimisha kidogo, na boliti zikafunga. Lakini feni ya milimita 55 ndani ya tundu la 63 inabaki na nafasi ya milimita 4 kila upande. Moshi hupita kando ya mapanga badala ya kuyasukuma, na turbo haishiki hata ukanyage vipi. Nafasi inayotakiwa ni sehemu ndogo ya milimita, kiasi cha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Watu hubadilisha westigeti, wakatafuta mivujo ya hewa, wakalaumu kompyuta ya gari, kumbe tatizo lilikuwa linaonekana kwa jicho siku turbo ilipokuwa mezani.

Kupanua tundu dogo lichukue feni kubwa kunawezekana, ila si kazi ya kutoboa moja kwa moja. Ukuta wa ndani unafuata mkunjo wa mapanga, na mkerezaji lazima aufuate mkunjo huo kutoka kipenyo kikubwa hadi kidogo. Akikereza tundu lililonyooka tu, feni itakuwa na nafasi sahihi mahali pa kutokea na pengo kubwa katikati. Muachie feni yenyewe ama katriji nzima, usimwachie namba kwenye karatasi. Na apime unene wa ukuta kabla hajaanza, hasa pale karibu na tundu la westigeti.

Flanji zinakwenda kwa majina yanayojulikana: T25 ndogo, T3 ya kati, T4 kubwa, zote boliti nne, na zile za klempu ya V zisizo na boliti. Subaru nyingi zina flanji ya boliti tatu. Tundu la T3 na la T4 hayalingani, na vipande vya kuunganisha vinauzwa, lakini kila kipande kinaongeza urefu, gasketi nyingine, na ukingo ndani ya njia ya moshi unaokata mwendo. Afadhali kubadilisha flanji ya manifoldi. Chukua gasketi mpya ya aina unayodhani, iweke juu ya hausingi na juu ya manifoldi. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hicho. Ukiona matundu ya boliti yanalingana lakini tundu la katikati limezidi kwa milimita chache, linaweza kusawazishwa kwa grinda. Tundu la manifoldi likiwa kubwa kuliko la hausingi, moshi unagonga ukuta, kwa hiyo anza kulainisha upande wa hausingi.

Upande wa kutokea moshi una aina nyingi zaidi, na usiudharau. Hausingi nzuri yenye flanji ya kutokea isiyojulikana itakugharimu bomba jipya zima.

Kuhusu mzunguko: Mitsubishi Lancer Evo kuanzia ya nne hadi ya tisa zina turbo za kuzunguka kinyume, na hausingi zake hazivaliwi na katriji ya kawaida. Ukitaka kujua bila namba, tazama konokono. Upande wa ekzosi, tundu linapungua kuelekea kule feni inakozungukia. Upande wa hewa ni kinyume: tundu linapanuka kuelekea kule feni inakozungukia. Feni zote mbili zimo kwenye shafti moja, hivyo ukiitazama kila hausingi kutoka mwisho wake mwenyewe, feni moja itaonekana inakwenda na saa na nyingine kinyume cha saa. Ukiona zote mbili zinaelekea upande mmoja, una hausingi mbili zisizohusiana.

Sasa chuma chenyewe. Chukua sumaku. Hausingi za chuma cha kusubu cha kawaida na kile chenye silikoni na molibdenamu hunata sana kwenye sumaku. Zile za chuma chenye nikeli nyingi, kinachoitwa Ni-Resist, na nyingi za chuma kisichoshika kutu, hazinati au zinavutwa kidogo tu. Moshi wa injini ya petroli ikibanwa hupita nyuzi 900, na kwa injini zinazoendeshwa kwa nguvu muda mrefu hukaribia 1,000. Moshi wa dizeli kwa kawaida ni baridi zaidi, ndiyo maana hausingi za malori hazihitaji chuma ghali. Mtu anapochukua hausingi ya lori, mathalani ya HX35 ya Holset, akaifunga kwenye injini ya petroli, inafanya kazi, lakini asishangae nyufa zikija mapema. Kwa gari la mbio za mzunguko, ambako mguu hautoki kwenye pedeli, hausingi isiyonata sumaku inastahili pesa yake. Kwa gari la barabarani linalobanwa sekunde chache, chuma chenye silikoni kinatosha.

Nyufa zitafute kwa mafuta ya taa na chaki. Sugua chuma kwa brashi ya waya hadi masizi yaishe, paka mafuta ya taa, subiri dakika 10, futa kukavu kabisa, kisha pakaza unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya chaki nyeupe. Pa kuangalia kwanza ni kingo za tundu la westigeti, ulimi, na ule ukuta wa kati kwenye hausingi za njia mbili. Ufa mfupi wa juu juu kati ya tundu la westigeti na tundu la feni ni wa kawaida mno kwenye hausingi zilizotumika, na nyingi huendelea kufanya kazi nao. Ufa unaokatisha kitako cha kifuniko cha westigeti, unaotokeza nje, unaoingia kwenye flanji au unaofika kwenye ukuta unaoizunguka feni, huo ni wa kukataa. Kipande cha ulimi kikimeguka kinaingia moja kwa moja kwenye mapanga. Kuchomelea chuma cha kusubu bila kukipasha moto kwanza na kukipoza polepole ni kuhamisha ufa sentimita moja pembeni.

Kuchagua saizi kunaanza na swali moja: injini itaishi kwenye mizunguko gani? A/R ndogo inaukaza moshi, unakwenda kasi, feni inashika mapema. Huko juu moshi ule ule unakosa pa kupitia, presha inajaa kwenye manifoldi, moshi wa moto unarudi ndani ya silinda, na injini inaanza kugonga hata kama mafuta na cheche viko sawa. Kwa GT3076R kwenye injini ya lita 2 ya barabarani, 0.63 ni chaguo la busara. Injini ya lita 2.5 hadi 3, au ya lita 2 inayozungushwa hadi karibu 8,000, ipewe 0.82. Ile 1.06 iachiwe injini kubwa, au gari la mbio fupi ambalo dereva hajali kinachotokea chini ya 5,000. Ukiwa umesimama katikati ya mbili na gari ni la kila siku, chukua ndogo, mradi westigeti inapumua vizuri.

Baada ya kufunga, acha kubahatisha: pima presha ya moshi. Toboa manifoldi kabla ya turbo, funga bomba jembamba la chuma, lizungushe kama springi, urefu wa karibu mita moja ili joto lipungue, halafu unganisha na geji ya bar 0 hadi 4. Linganisha na presha ya hewa kwenye injini. Hewa bar 1 na moshi bar 1.5 hadi 1.8, gari la barabarani liko vizuri. Moshi ukipita mara mbili ya hewa, hausingi ni ndogo, au feni ya ekzosi ni ndogo kwa feni ya hewa uliyoweka. Moshi ukilingana na hewa, una upande wa ekzosi unaopumua kama wa mbio, na pengine umelipa kwa kuchelewa kushika. Angalia namba hiyo karibu na mwisho wa mizunguko, maana huko chini kila hausingi inaonekana nzuri.

Hausingi ya njia mbili ina faida kubwa ya kushika mapema, kwa sharti kwamba manifoldi nayo imegawanywa hadi kwenye flanji. Injini ya silinda nne inayowaka 1-3-4-2 inaunganisha 1 na 4 njia moja, 2 na 3 njia nyingine. Sita za mstari zinagawanywa tatu za mbele na tatu za nyuma. Manifoldi ya njia moja juu ya hausingi ya njia mbili inaharibu kila kitu: mapigo yanachanganyika kabla ya kufika, na ukuta wa kati unabaki kizuizi tu. Gasketi lazima iwe na mgawanyo wa katikati. Westigeti ya nje ikichukua moshi kutoka njia moja peke yake, ile nyingine haina pa kutolea. Weka mbili ndogo, au moja yenye mabomba mawili yaliyotenganishwa hadi kwenye vali.

Kwa westigeti ya ndani, tundu likiwa dogo presha itaendelea kupanda yenyewe mizunguko ikipanda, hata kifuniko kikiwa wazi kabisa. Panua tundu, lakini bakiza milimita 2.5 za kitako kuzunguka pande zote. Kifuniko cha milimita 34 kinaruhusu tundu la 29. Ukizidisha, kifuniko kinavuja kikiwa kimefungwa, na turbo inachelewa.

Hausingi ya hewa haina drama hiyo. A/R yake inaathiri kidogo tu. Cha muhimu ni tundu lake lilingane na feni: ya GT3582R ni milimita 61.4 mahali pa kuingilia hewa na 82 mahali pa kutokea. Hausingi yenye mfereji kuzunguka mdomo wa kuingilia hupunguza ile hali ya kompresa kukohoa hewa nyuma kwenye mizunguko ya chini, na ina mlio wake.

Kwenye kufunga, loweka boliti za upande wa ekzosi kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima, na upashe moto hausingi, siyo boliti. Usigonge feni wala ncha ya shafti hata kidogo. Gonga hausingi kwa nyundo ya mpira pande mbili kwa zamu. TD05 hushikwa kwa saklipu (pete ya kubana) kubwa upande wa hewa na klempu ya V upande wa ekzosi, T3 kwa boliti na vibati. Legeza zote, zungusha katriji hadi tundu la kushusha oili lielekee chini moja kwa moja, kisha geuza hausingi ya hewa iendane na mabomba yako. Kaza kwa kuvuka, kidogo kidogo, na kila raundi zungusha feni kwa kidole huku ukiisukuma mbele, nyuma na pembeni. Ikigusa popote, fungua. Boliti mpya zipakwe grisi ya shaba au nikeli.

Washa injini, ipashe, izime, iache ipoe kabisa, kaza tena. Baada ya safari ya kwanza mulika tochi kwenye kila ungio la upande wa ekzosi: mstari mweusi wa masizi unaotokea kwenye gasketi au klempu unaonyesha mahali moshi unapotoroka kabla ya kufika kwenye feni.